Nembo ya Biashara ni Muhuri: Makosa Sita ya Kuepuka



Ndugu msomaji, Ijumaa moja muhula uliopita, tulipokuwa tukitoka msikitini, nilikanyaga mfuko wa karatasi. Nilipoinua mguu niliona kazi ya mikono yangu mwenyewe: kuba la kijani, mwezi mwandamo, na juu yake Bismillah nzima kwa herufi za Kiarabu, imeloa mafuta ya sambusa na tope la viatu. Mifuko ile ilikuwa ya dada mmoja wa mwaka wa pili anayeuza sambusa na vitumbua hapa Mbale ili ajilipie karo. Aliniomba nimchoree nembo kwa sababu nina kompyuta, na kwa sababu nasoma masomo ya Kiislamu. Aliamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukosea. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Alikuwa amekwisha kuchapisha mifuko 300.

Somo hili limetokana na mfuko ule. Wengi wetu tuna biashara ndogo ndogo chuoni: hijabu, manukato, keki, juisi, kushona kanzu, kuweka pesa kwenye simu. Na kila mwenye biashara siku hizi anataka nembo. Nimeandika makosa sita ambayo, ama niliyafanya mwenyewe, ama nimeyaona kwa wenzangu. Lakini kabla ya makosa, tuanze na mfano mwema.

PETE YENYE MISTARI MITATU

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sahih mbili, Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia barua wafalme wa mataifa mengine aliambiwa kuwa watu wale hawasomi barua isiyo na muhuri. Hapo akatengeneza pete ya fedha iliyochorwa jina lake na cheo chake: Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kwa Kiarabu ni maneno matatu, na yalipangwa katika mistari mitatu, kila neno mstari wake. Kisha akawakataza watu wengine wasichore pete zao kwa maandishi kama yale. Baada yake pete ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (r.a.), hadi ilipomtoka Uthman ikatumbukia katika kisima cha Aris. Walikitafuta kwa siku tatu na hawakuipata.

Tuitazame pete hiyo kwa jicho la mtu anayetaka nembo. Kwanza, ilitengenezwa kwa haja iliyojulikana: barua isipokelewe bila kuaminiwa. Pili, ilikuwa fupi, na ilisomeka hata katika nafasi ndogo kama uso wa pete. Tatu, ilikuwa ya mmoja, na wengine walikatazwa kuiiga, kwa sababu muhuri ukiwa na wenyewe wawili hauthibitishi kitu. Nne, kilichoandikwa juu yake kilikuwa kweli.

Nembo ya biashara inafanya kazi ya muhuri. Inamwambia mnunuzi: hiki kimetoka kwa fulani, na fulani anasimama nyuma yake. Kwa hiyo ni aina ya ushahidi, na ushahidi una adabu zake. Makosa yote sita yafuatayo yanarudi kwenye mambo hayo manne.

KOSA LA KWANZA: KUTAKA NEMBO ISEME KILA KITU

Nembo yangu ya kwanza ilikuwa na kuba, mwezi, sambusa, kikombe cha chai chenye moshi, jina la biashara, nambari mbili za simu na maneno ya kusifu chakula. Niliona fahari. Mteja aliona vurugu.

Nambari ya simu, mahali ulipo na orodha ya bidhaa ni vitu vya lebo, kadi au bango. Nembo haipaswi kuvibeba. Kazi yake ni kutambulisha tu, na mtu hutambua kitu kimoja kwa haraka kuliko vitu saba. Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi na kalamu ujibu maswali matatu: Nauza nini? Namuuzia nani? Wateja wangu wananijua kwa jambo gani moja? Swali la tatu ndilo zito. Usipoweza kulijibu, waulize wateja wenyewe.

Katika mlango huu kuna kosa dogo linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Tukisikia biashara ya Mwislamu, mkono unakwenda wenyewe kwenye kuba, mnara, mwezi na rangi ya kijani. Hakuna aya wala hadithi inayotuamrisha kuweka mwezi kwenye mifuko ya sambusa. Na hata tukiacha dini kando, tembea mtaa wowote wenye Waislamu uhesabu: bucha lina mwezi, duka la vitambaa lina mwezi, shule ya chekechea ina mwezi, hoteli ina mwezi. Alama iliyo kwa kila mtu haimtambulishi yeyote.

KOSA LA PILI: KUCHORA KWA AJILI YA SKRINI TU

Kompyuta inatudanganya. Tunachora nembo ikiwa imejaa skrini nzima, inang'aa, tunaipenda. Lakini nembo haitaishi hapo. Itaishi kwenye kiduara kidogo cha picha ya WhatsApp, kwenye stika ya kichupa cha manukato, kwenye kifua cha fulana, kwenye muhuri wa mpira wa risiti, na ukutani kwa kibanda ilikopakwa kwa brashi.

Jipime hivi. Punguza nembo yako hadi iwe na upana wa ukucha wa kidole gumba. Je, bado inajulikana? Kisha iondolee rangi zote, ibaki nyeusi juu ya nyeupe. Je, bado ni ileile? Ikiwa imepotea, basi ulichokuwa nacho ni rangi tu, na umbo hukuwa nalo. Ndiyo maana wachoraji wazoefu huanza na nyeusi na nyeupe, rangi ikaja mwisho.

Rangi zina gharama pia. Katika uchapaji wa fulana na mifuko kwa fremu ya kitambaa, kila rangi inahitaji fremu yake. Nembo ya rangi nne ni kazi mara nne, na mchapaji atakutoza kwa kadiri hiyo. Mistari myembamba kama unywele hujaa wino ikichapwa kwenye karatasi ya khaki, na mshona darizi hataweza kuifuata kwa uzi. Vilevile usiweke maandishi ya njano juu ya nyeupe, wala nyekundu juu ya kijani. Wapo watu wengi, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na kwao maandishi hayo hayapo.

Jambo lingine linalowashangaza wengi ni kwamba skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa aina nne. Kijani kinachowaka kwenye simu kitatoka kimefifia kwenye karatasi. Omba sampuli moja kabla ya kuchapisha mia tatu. Mimi sikuomba.

Mwisho wa kosa hili ni faili. Picha za kawaida za simu na kompyuta zimeundwa kwa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Ukiikuza picha hiyo iwe bango, vitone vinaonekana na kingo zinakuwa kama meno ya msumeno. Nembo inatakiwa ichorwe kama vekta, yaani kwa mistari inayokokotolewa, ambayo hukuzwa kwa ukubwa wowote bila kuharibika. Ukimlipa mchoraji, mdai faili ya vekta, kama SVG au PDF, pamoja na PNG isiyo na mandhari nyuma yake. Wachapaji wa Nasser Road kule Kampala wamezoea kuletewa nembo iliyopitishwa WhatsApp mara tano, na WhatsApp mara nyingi hupunguza ubora wa picha. Watakuchapia, lakini kitakachotoka ni ukungu.

KOSA LA TATU: MAANDISHI YASIYOSOMEKA, NA KIARABU KILICHOVUNJIKA

Aina mbili za mwandiko zinatosha nembo moja. Mara nyingi moja inatosha. Mwandiko wa madaha wenye mikia na vitanzi unapendeza kwenye kadi ya harusi. Ubaoni, kwa mtu aliyepanda boda boda, hausomeki.

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye Kiarabu, kwa sababu hapa ndipo biashara zetu zinapoaibika. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi zake hushikana na kubadilika umbo kulingana na mahali zilipo katika neno. Baadhi ya programu za kuchorea, hasa zikiwa hazijawekwa sawa, hazilijui jambo hilo. Ukibandika neno humo, herufi zinaachana na kupangwa kinyume. Neno halali, ambalo ni ha, lam, alif, lam, linakuwa lam, alif, lam, ha, kila herufi peke yake kama wagonjwa waliopanga foleni. Asiyejua Kiarabu haoni kosa. Anayejua anaona neno lisilo na maana juu ya mlango wa bucha, na anajiuliza kama mwenye bucha anajua anachokisema.

Nukta nayo ni hatari. Rahma, yaani rehema, huanza kwa herufi ra. Ukidondosha nukta moja juu ya ra inakuwa za, na neno linasomeka zahma, yaani msongamano. Hilo ndilo neno lililotupa zahama katika Kiswahili. Tone moja la wino, na duka la Rehema limekuwa duka la Zahama.

Programu za akili bandia zinazochora picha kwa kuambiwa zina hatari ya aina yake. Zinaweza kutoa kitu chenye sura ya Kiarabu ambacho si herufi yoyote, ni mikunjo tu. Usikichape.

Dawa ni rahisi. Ikiwa lazima uweke Kiarabu, mpe aliyesoma akikague kwenye faili ya mwisho, ile inayokwenda kwa mchapaji. Kukagua rasimu ya daftarini hakutoshi. Kisha mwambie mchoraji ayageuze maandishi yawe michoro kabla ya kutuma, ili kompyuta ya mchapaji isiyabadilishe kwa mwandiko mwingine. Ndugu zangu tunaosoma masomo ya Kiislamu, huu ni msaada tunaoweza kuutoa kwa dakika mbili bila malipo.

KOSA LA NNE: KUCHUKUA CHA MWENZIO

Kumbuka katazo la pete. Mtume (s.a.w.) hakuwakataza masahaba kuvaa pete zenye maandishi, aliwakataza kuchora maandishi yaleyale.

Tuchukue mfano wa chakula tunachokipenda wote, rolex. Jina hilo linatokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yakitamkwa haraka, na sasa ni jina la chakula chetu Uganda nzima. Hakuna anayemlaumu mwuza chapati kwa kuliita pishi lake rolex. Lakini siku atakapochora juu ya kibanda chake taji lenye ncha tano la kampuni ya saa ya Uswisi, atakuwa ametoka kwenye chakula na kuingia kwenye mali ya mtu.

Wenzetu wengi hufanya hivyo bila kukusudia. Wanatafuta picha kwenye intaneti, wanabadilisha rangi, wanaandika jina lao chini. Wengine hutumia violezo vya bure vya programu za simu. Kiolezo hicho hicho wamekitumia maelfu ya watu duniani, na huwezi kudai kuwa ni chako peke yako. Wengine hujivika rangi ya kampuni kubwa: weka kibanda cha njano mtaani, na watu watakuuliza kama unatoa pesa za MTN.

Kwa sheria, Uganda ina Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010, na alama husajiliwa katika ofisi ya URSB. Wengi hudhani kwamba ukisajili jina la biashara, nembo nayo imelindwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, yenye usajili tofauti. Hata kama huna uwezo wa kusajili leo, unaweza kuomba upekuzi ili ujue kama alama unayoitaka ina mwenyewe.

Kosa hili lina upande wa pili: kumdhulumu mchoraji. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, aitwaye Carolyn Davidson, alichora alama ya Nike, ule mkunjo unaojulikana dunia nzima. Alilipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimwita ikampa hisa na pete ya dhahabu yenye alama ile. Alibahatika kwamba walimkumbuka. Sisi tunamwambia mwenzetu, "Ndugu, nichoree tu kitu, ni dakika tano," tunatumia kazi yake miaka mitatu, na hatujampa hata pesa ya bando. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Basi andikianeni: nani analipa kiasi gani, marekebisho mara ngapi, na nembo ikimalizika ni mali ya nani.

KOSA LA TANO: KUWEKA MATUKUFU KWENYE KITU KITAKACHOTUPWA

Hili ndilo kosa langu, na ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1997 kampuni hiyo hiyo ya Nike ilitoa viatu vyenye neno la Kiingereza la hewa, lililochorwa kama ndimi za moto. Waislamu wa Marekani walipolitazama waliona linafanana na jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, na liko kwenye kiatu. Baada ya malalamiko kampuni iliomba radhi na kuondoa sokoni jozi zipatazo 38,000. Sisi tulipolisikia jambo hilo tulikasirika. Lakini wale hawakujua Kiarabu. Mimi niliandika Bismillah kwa kujua, kwenye mfuko ambao kila mtu anajua mwisho wake: mtaroni, jalalani, chini ya viatu.

Katika Suratul-Hajj, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anaunganisha kuzitukuza alama zake na uchamungu wa nyoyo. Mtu akisema, "Nia yangu ilikuwa baraka," nia hiyo ni njema, na Bismillah ina mahali pake: itamke unapowasha jiko, unapokanda unga, unapofungua duka. Baraka inayotamkwa haikanyagwi na mtu.

Kabla ya kuandika neno lolote kwenye nembo, jiulize: nembo hii itabandikwa wapi, na kitu hicho kitaishia wapi? Bango la juu ya mlango ni jambo moja. Kifungashio cha chakula, leso ya karatasi, soli ya ndala, chupa ya kutupwa ni jambo jingine. Aya, jina la Mwenyezi Mungu na jina la Mtume (s.a.w.) yasiwekwe kwenye vitu hivi vya pili. Jihadhari pia na majina yanayomhusu Mwenyezi Mungu peke yake, kama Ar-Rahman, kuyafanya majina ya bidhaa. Kama unataka jina lenye harufu ya dini, yapo mengi: Amana, Neema, Baraka, Ihsani, Subira. Yaandike kwa herufi za Kilatini, na mfuko ukitupwa hutalala na dhambi.

KOSA LA SITA: KUSHUHUDIA USICHOKIJUA

Zipo alama ambazo maana yake ni kwamba kuna mtu amekagua. Alama ya halali ni mojawapo. Kwetu Uganda, Baraza Kuu la Waislamu, UMSC, lina idara inayoshughulikia uthibitishaji wa halali. Mtu akichukua alama ya halali kwenye intaneti na kuiingiza katika nembo yake kwa sababu yeye ni Mwislamu na anajiamini, ametoa ushahidi wa ukaguzi ambao haukufanyika. Huenda nyama yake ni halali kweli. Ushahidi wake bado ni wa uongo.

Alama nyingine inayotumiwa vibaya ni hilali nyekundu juu ya nyeupe. Wenzetu wa famasia na uuguzi wakifungua duka la dawa huona msalaba mwekundu si wao, wakachagua hilali nyekundu wakidhani ni ya Waislamu wote. Hilali hiyo ilianza kutumiwa na Dola ya Uthmaniya mwaka 1876 kwa huduma za majeruhi vitani, ikatambuliwa kimataifa mwaka 1929. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza watu binafsi na biashara kuitumia, sawasawa na msalaba mwekundu. Sababu yake ni nzito: alama ile ikionekana vitani maana yake ni msipige hapa, hapa wanatibiwa watu. Kila anayeitumia kuuza dawa za mafua anaipunguzia nguvu ya kuokoa roho. Nembo ya taifa nayo usiiguse. Si pambo la biashara.

Abu Huraira (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mdanganyifu si katika sisi. Nembo ndiyo sehemu ya juu ya rundo. Ndiyo wanayoiona watu kabla ya kuingiza mkono. Ukiipamba kwa maneno ya usafi na jiko lako ni chafu, hukukosea usanifu; umeghushi.

NA PICHA ZA VIUMBE JE?

Swali hili huulizwa kila mara. Wanachuoni wamehitilafiana kuhusu baadhi ya picha, hasa za kamera, na sitaingia katika tofauti zao hapa. Lakini kwa mchoraji wa nembo ipo njia pana isiyo na shaka. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake ya kutengeneza picha. Ibn Abbas alimsimulia onyo la Mtume (s.a.w.), mtu yule akashtuka sana. Ibn Abbas hakumwacha bila riziki: alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho.

Mlango huo ni mpana kuliko tunavyodhani. Majani ya mgomba, punje ya kahawa ya Mlima Elgon, kikapu, ususi wa mkeka, sindano na uzi, umbo la herufi ya kwanza ya jina lako. Ukikosa la kuchora, hujatazama vizuri.

TULICHOFANYA NA MIFUKO ILE

Jioni ya Ijumaa ile nilimfuata yule dada nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, imebaki mia mbili na kumi. Niifanyeje?" Nilitamani kumwambia aimalize tu. Tulikubaliana ichomwe, kwa njia ya heshima, kama wanachuoni walivyoelekeza kuhusu karatasi zenye jina la Mwenyezi Mungu, Uthman (r.a.) alipokusanya Msahafu aliagiza nakala nyingine zichomwe. Gharama tuligawana, kwa sababu kosa lilikuwa langu zaidi.

Kisha tulikaa na karatasi na kalamu, jambo ambalo tungelifanya mwanzo. Nilimuuliza swali la tatu: wateja wanakujua kwa jambo gani? Akacheka: "Wanasema sambusa zangu zimefungwa vizuri, hazivuji." Basi tukachora pembetatu moja yenye mstari mmoja wa mkunjo, na chini yake jina la biashara kwa herufi nene. Hakuna kingine. Hakuwa na pesa ya kuchapisha mifuko mipya, kwa hiyo alikwenda mjini akachongewa muhuri wa mpira, na sasa ananunua mifuko ya khaki mitupu na kuipiga muhuri mwenyewe usiku, akimaliza kudurusu. Rangi moja, upana wa vidole viwili, na inasomeka.

ZOEZI

Kabla ya kuchapisha nembo yako, keti na mwenzako mmoja asiyeijua biashara yako mjibu maswali haya:

1. Mwonyeshe nembo kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, kisha uifiche. Anaweza kuichora kwa kukumbuka?
2. Inasomeka ikiwa na upana wa ukucha, na ikiwa nyeusi tupu?
3. Maandishi yote, hasa ya Kiarabu, yamekaguliwa kwenye faili ya mwisho?
4. Kila sehemu yake ni yako, au umeilipia na mmeandikiana?
5. Kitu kilichobeba nembo hii kikikutwa mtaroni, kutakuwa na jambo la kuheshimiwa lililochafuliwa?
6. Kila kinachosemwa na nembo hii, unaweza kukitolea ushahidi mbele ya Mwenyezi Mungu?

Ukipata jibu baya katika swali lolote, rudi kwenye karatasi. Karatasi moja ni rahisi kuliko mifuko mia tatu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki biashara za ndugu zetu wanaojisomesha kwa jasho lao, azifanye za halali ndani na nje, na atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua. Wallahu a'lam.